Kaseti ya Bibi na Kompyuta Yangu ya Kwanza

Hapa mtaani kwetu Mabela, Maskati, intaneti ikikatika watu hawampigii kwanza fundi wa kampuni. Wananipigia mimi. Nimestaafu, lakini simu yangu haijastaafu: "Ustadh, hebu njoo utizame, printa imegoma." Nakwenda. Sijawahi kushindwa na mashine ya mtu, na nasema hivi bila ya kuona haya, kwa sababu hakuna aliyenifundisha mwanzo. Nilijifunza mwenyewe, sakafuni, mbele ya televisheni ya mama yangu, katika nyumba ya kupanga Sidab, kijiji cha wavuvi, miaka ya themanini, wakati mtaa mzima haukuwa na mtu mwengine aliyewahi kuigusa kompyuta. Diploma nilikuja kuipata baadaye, Uingereza, na nilikuwa wa kwanza darasani. Imetundikwa ukumbini. Mgeni akiingia huiona kabla hajaona pa kukaa.

Nayataja haya mapema ili ifahamike kuwa kosa ninaloliandika hapa halikufanywa na mjinga.

Mimi na mama tulirudi Omani kutoka Unguja nilipokuwa na miaka kumi na saba. Nasema tulirudi, kama wasemavyo wenzetu wote, ingawa mimi nilikuwa sijapata kuiona. Aliyetoka huku alikuwa baba wa babu yangu. Baba alikwisha kufa. Bibi, mama yake mama, alikataa kuja. Alisema nyumba yake ya Malindi, pale Unguja mjini, haiachiwi popo, na yeye hawezi kuishi mahali pasipoota mhogo. Tukamwacha na kuku wake.

Mama hakujua kuandika ila jina lake kwa Kiarabu, na Bibi hata hilo hakulijua. Wakawa wanaandikiana kwa kaseti, kama zilivyofanya nyumba nyingi za watu wetu siku zile. Bibi akikaa mbele ya redio kaseti ya jirani, akisema nusu saa, upande mmoja tu. Upande wa pili hakuugusa, akidai maneno yakigeuzwa yanachanganyika. Kaseti ikapewa mtu anayesafiri, na baada ya wiki mbili tatu ikafika Sidab ndani ya soksi ya mtu au katikati ya mfuko wa karafuu. Mama akiisikiliza mara tatu, mara nne. Akicheka, akilia, akimjibu mama yake kwa sauti kana kwamba yumo chumbani. Kisha akirikodi jibu lake juu ya upande ule ule, na kaseti ikarudi Unguja. Kaseti zilikuwa adimu kule, na hakuna aliyeona ajabu kwamba kila barua ilifuta ile iliyoitangulia. Barua ikishajibiwa ilikuwa imemaliza kazi yake.

Kaseti zote zilikaa katika droo ya kabati la televisheni, na nyumba ilikuwa na utaratibu mmoja ambao hata mgeni alielezwa. Kaseti iliyovishwa kimpira ina maneno ndani, isiguswe. Isiyo na kimpira ni tupu, nani atakaye airikodie.

Mashine yangu niliinunua sokoni Matrah kwa mshahara wa karani wa bohari. Vijana wa leo nikiwaelezea wanadhani nawatania. Ilikuwa ni kibodi tu, nene kama mkate wa kumimina, yenye herufi za Kiarabu na za Kizungu pamoja. Haikuwa na kioo chake. Uliichomeka nyuma ya televisheni. Wala haikuwa na mahali pa kuweka kumbukumbu. Ukizima umeme, yote uliyoyaandika tangu asubuhi yamekwenda. Ukitaka yabaki, unachomeka rekoda ya kaseti ubavuni, na mashine inayageuza maandishi yako kuwa sauti, mlio mkali mwembamba, kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Kesho yake unaupiga ule mlio, mashine inausikiliza, na maandishi yanarudi kwenye kioo. Milio hiyo niliipiga mama akiwa hayupo au amelala, sauti nimeipunguza, asije akanilalamikia. Hapo ndipo nilipojifunza. Usiku na mchana, kwa kitabu kimoja cha Kiingereza kilichopungua kurasa.

Mama hakuipenda, kwa sababu ilimpokonya televisheni.

"We, hebu ondosha madude yako. Mchezo wa Misri unaanza."

"Nusu saa tu, mama."

"Nusu saa yako ina masaa mangapi? Kompyuta imo ndani ya nyumba, na nusu saa inaishinda kuhesabu."

Ilikuwa katika siku hizo, mimi nimekaa sakafuni na yeye amekaa nyuma yangu, ndipo alipofika msafiri na kaseti ya Bibi ambayo mama aliipenda kuliko zote. Aliisikiliza kutwa, rekoda masikioni, ili mimi niendelee na kazi yangu. Mwisho akaniambia kuwa hii haifuti. Atanunua kaseti mpya ya jibu, na hii ataiweka, maana mama yake amesema vizuri mno na huwezi kujua. Alisema hivyo nyuma ya mgongo wangu, na mimi nikajibu, "Naam, mama." Nalikumbuka jibu langu vizuri. Alichokisema nilikuja kukikumbuka baadaye, wakati hakikufaa tena.

Akarikodi jibu kwenye kaseti mpya. Vimpira vya akiba vilikuwa vyote vimekatika kwa joto. Akakivua kile cha kaseti ya Bibi akaivisha ile mpya iliyokuwa inasafiri, na ile ya Bibi akairudisha droo bila ya kitu, mpaka atakapopata chengine.

Wiki ile ile nikasikia kuna idara moja ya serikali, mtaa wa Al Khuwair, inatafuta mtu anayeijua kompyuta. Hawakutaja cheti. Niliwapelekea maombi, wakaniita Jumamosi asubuhi. Mimi sikutaka kwenda na maneno matupu kama wenzangu; niliamua kwenda na mashine yenyewe na programu niliyoitunga kwa mkono wangu, daftari la simu za ofisi, unaandika jina la idara na namba inatokea. Leo ni mchezo wa mtoto. Wakati ule, Maskati, palikuwa na watu wangapi waliokuwa na uwezo huo? Tungewahesabu kwa vidole, na kimoja ni mimi.

Ijumaa baada ya sala programu ilikuwa tayari, na rekoda ikaitafuna kaseti yangu. Utepe wote ukatoka nje kama utumbo wa samaki. Maduka yamefungwa. Mama amekwenda kumtizama mgonjwa Matrah. Nikafungua droo. Palikuwa na kaseti mbili zenye kimpira na moja isiyo nacho.

Sekunde tano za kuisikiliza zingetosha. Sikuisikiliza. Niliichomeka, nikabonyeza vifungo viwili kwa pamoja, na mashine ikaanza kulia. Na kwa kuwa mimi ni mtu mwangalifu, sikutosheka na nakala moja. Utepe unaweza kukwaruzika njiani, nakala moja ikikataa ya pili itakubali. Nikairikodi programu ile mara saba, moja nyuma ya mwenziwe, dakika nne kila moja. Hiyo ndiyo ilikuwa akili yangu, na akili hiyo ndiyo iliyonipandisha cheo miaka yote iliyofuata.

Jumamosi, Al Khuwair, walinipa televisheni ya chumba cha wageni. Mkurugenzi alisimama na kikombe chake cha kahawa akiusikiliza mlio wa kaseti mpaka ulipokwisha, akauliza, "Hii inaimba au inafanya kazi?" Nikaandika jina la idara yake mwenyewe. Namba yake ikatokea. Akaniambia niandike ya idara nyengine, na nyengine, halafu akamwita msaidizi wake aje aone. Walikuwamo watu humo waliokuwa wakinicheka Kiarabu changu, wakiniita Zinjibari. Siku ile hawakucheka. Kabla ya adhuhuri nilikuwa na kazi, na baada ya muda mfupi nikaahidiwa kupelekwa Uingereza kusoma.

Mama aliisambaza habari hiyo mtaa hadi mtaa. "Mwanangu anaijua komputa," akiwaambia wanawake wa Sidab, wake wa wavuvi ambao hawakujua komputa ni mnyama gani. "Kaichukua kwapani kaenda nayo kwa wakubwa, wakubwa wakasimama." Kaseti niliirudisha droo. Ofisini palikuwa na disketi, sikuihitaji tena.

Haikupita mwezi tukapigiwa simu kwa jirani kuwa Bibi amefariki. Alikwisha kuzikwa. Mama hakuwa na njia ya kwenda. Hata angeipata, angekuta kaburi. Alikaa matanga Sidab na wanawake ambao hawakumjua mama yake, na siku ya saba, walipoondoka, aliniita nikae naye. Akafungua droo, akaitoa kaseti ile, akaipangusa kwa ncha ya kanga, akaitia kwenye rekoda.

Nilikuwa nimekaa kiasi cha mkono mmoja kutoka kwake. Nilijua kabla hajabonyeza.

Mlio ulipotoka, mama alizima kama aliyeungua. Akajaribu tena, akazima tena. Akaigeuza kaseti mkononi, akaitizama, kisha akalitizama dirisha lililokuwa ubavuni mwa kabati, lililofunguka upande wa bahari. Anayekijua kijiji kile anajua. Upepo wake unakula bawaba, unakula friji, unakula miti ya antena.

"Chumvi," mama akasema. "Chumvi imeila sauti ya mama. Mimi mjinga, mimi nimeiacha mbele ya dirisha." Akainuka, akalifunga.

Nilifungua mdomo. Nnachoweza kusema kwa kujitetea ni kidogo: kwamba nilikuwa na miaka ishirini na tatu, kwamba tiketi yangu ya Uingereza ilikuwa inaandaliwa, kwamba kazi aliyojivunia kwa kila mtu ilipatikana kwa kaseti ile ile aliyoishika. Nikasema, "Pole, mama." Na yeye akanishukuru.

Akaifunga kwenye leso akaitia chini ya nguo zake. Mimi nikasafiri.

Nilirudi na diploma, nikanunua kompyuta yenye kioo chake, kubwa, nyeupe, nzito kama mbuzi. Kisha nikanunua yenye rangi. Kisha ikaja intaneti, ile ya kupiga simu, ambayo ililia kwa mlio unaofanana sana na wa kaseti, na mara ya kwanza mama alipousikia kutoka chumba cha pili alikuja mlangoni akauliza, "Ndo nini hicho?" Nikamwambia ni simu. Akasimama kidogo, akaenda zake. Tukahama Sidab, tukahamia fleti, kisha nikajenga Mabela, nyumba ya ghorofa mbili, kilomita kadhaa kutoka baharini. Kote huko mama aliishi na madirisha yaliyofungwa. Hata Januari, siku zile chache ambazo Maskati ina hewa ya kumpumzisha binaadamu, chumba chake kilikuwa kimefungwa na kiyoyozi kinanguruma. Watoto wangu walidhani anaogopa vumbi. Nilikuwa nikipita mbele ya mlango wake na laptopu yangu mpya, nyembamba kama sahani, yenye uwezo wa kubeba sauti za watu wote wa Malindi waliowahi kuzaliwa, na naona dirisha lile, na napita.

Mwaka jana binti yangu, ambaye ni mhandisi wa programu, na sishangai, damu ni damu, aliamua kuzihamisha kaseti zote za nyumba ziingie kwenye kompyuta. Zilikuwa za maulidi, za harusi, za watu waliokwisha kufa. Akamwomba bibi yake na ile ya kwenye leso. Mama akampa. "Hiyo imeliwa na chumvi," akamwambia, "lakini jaribu, wewe una vyombo."

Jioni binti yangu akaniita chumbani kwake. Kwenye skrini palikuwa na picha ya sauti, upande mzima wa kaseti kutoka mwanzo hadi mwisho, kama mstari wa majani. Sehemu kubwa ilikuwa imejaa, nyeusi, imekatwa vipande saba vinavyolingana.

"Baba, hii haijaharibika. Hii ni data. Ni kompyuta ya zamani." Alikuwa anafurahi, kama nilivyokuwa nikifurahi mimi nilipokuwa mtu wa umri wake. "Nimeisoma tayari. Tizama."

Akafungua dirisha jengine la skrini. Daftari langu la simu likatokea, na juu yake, kwa herufi kubwa, maneno IMETUNGWA NA, na jina langu kamili mpaka la babu, na chini yake MTAALAMU WA KOMPYUTA. Wakati ninaandika hivyo nilikuwa karani wa bohari.

Binti yangu aliyasoma mara mbili. Niliona furaha inamtoka usoni kidogo kidogo.

"Bibi anasema hii ilikuwa barua ya mamaake."

"Ilikuwa."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

Akairudia ile picha ya sauti, akaisogeza mpaka mwisho, kwa ajili tu ya kutonitizama, nadhani. Na huko mwisho, baada ya kipande cha saba, palikuwa na kitu kidogo, chembamba, kisichofanana na vile vyengine. "Na hiki?" akasema, akabonyeza.

Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee, na nyuma yake jogoo. "…yule mweupe katotoa tisa, kunguru kachukua wawili. Haya, utepe unakwisha, nauona unakonda. Mwanangu, ule. Nakujua we, ukiwa peke yako huli." Kisha kimya. Yote ni sekunde kumi na moja.

Mara saba kwa dakika nne ni dakika ishirini na nane, na mapengo baina yao yakala karibu mbili. Bibi alikuwa amesema karibu nusu saa. Mama alizima siku ile kwa woga, na hakuna aliyeiachia kaseti ifike mwisho, kwa kuwa mtu pekee aliyejua mlio ule ni kitu gani alikaa kimya. Ningesema siku ya saba ya matanga, tungeiachia iende, na mama angezipata sekunde zake kumi na moja akiwa na masikio yake yote mawili.

Sasa hana. Ana zaidi ya miaka themanini. Sikio la kulia limekufa, la kushoto linashika kelele bila ya maneno. Kesho yake tulimpelekea laptopu chumbani. Binti yangu akamvisha hedifoni kubwa.

"Mbona mnanivika kama rubani? Napelekwa wapi?"

"Sikiliza, Bibi."

Alisikiliza. Akainua mkono tunyamaze, ingawa tulikuwa tumenyamaza. "Kuna mtu anasema. Mwanamke. Nani huyo?"

Nikainama karibu na sikio la kushoto. "Mama yako."

Akazishika hedifoni kwa mikono miwili. "Rejesha." Tukarejesha. "Rejesha. Ongeza sauti."

"Ndio mwisho wake, Bibi," binti yangu akasema.

"Siyashiki maneno." Akanigeukia mimi. "We unayasikia? Basi sema. Sema anachosema."

Nikamwambia habari za kuku mweupe na kunguru. Nikamwambia kuhusu utepe. Nikamwambia ule, nakujua, ukiwa peke yako huli. Ilinibidi nipaze sauti, na maneno yale yakipigiwa kelele yanakuwa kama ya mtu anayegomba. Mama alitikisa kichwa.

"Sivyo alivyokuwa akisema. Pole pole. Sema kama yeye."

Nikajaribu. Sikuweza. Mimi ndiye niliyekuwa sakafuni kaseti zile zote zilipopigwa, mwaka baada ya mwaka, na sikuwahi kumsikiliza.

"Mmeipata wapi?" akauliza.

"Ni ile ile, mama. Ya Sidab."

"Ile iliyoliwa na chumvi."

"Haikuliwa na chumvi."

Hakusikia. Nikarudia kwa nguvu zaidi, na kila kilichofuata nilikisema hivyo hivyo, kwa kupiga kelele, siri ya zaidi ya miaka thelathini, mke wangu amesimama ukumbini, mtumishi ameacha kupiga pasi. Nilirikodi kompyuta juu yake. Mimi. Kabla ya kwenda Al Khuwair. Nilidhani tupu.

Mama alilitizama dirisha lake lililofungwa.

"Siku ile ulikuwa umekaa pale."

"Nilikuwepo."

"Ukanitizama nafunga dirisha."

"Nilikutizama."

Akazivua hedifoni, akampa mjukuu wake, akaomba maji ya kutawadha.

Hajanigombeza mpaka leo. Ananiuliza kama nimekula, anawaombea dua wanangu. Lakini wakija wageni, na akaulizwa habari zangu, anasema, "Hajambo, yuko," basi. Ile hadithi ya wakubwa waliosimama haisimulii tena, na mimi niliyeizoea miaka yote nakaa pale na kikombe changu nikiisubiri.

Mwezi uliopita nilikwenda kwake na jambo nililodhani litamfurahisha. Zimetoka programu ambazo ukizipa sauti ya mtu, hata sekunde chache, zinaijenga yote, na mtu huyo anasema lolote utakaloliandika. Nimeijaribu mwenyewe, naijua, hainishindi. Maneno ya barua ile mama anayakumbuka karibu yote. Atayasema, nitayaandika, na Bibi atayasoma kwa sauti yake mwenyewe, pole pole, kwa sauti kubwa ya kutosha sikio la kushoto. Nikamweleza kwa kupiga kelele, mara mbili, mpaka nilipoona amefahamu.

"Atakuwa yeye?" akauliza.

"Itakuwa sauti yake."

Alifikiri. Nje walikuwa wakimwaga zege nyumba ya jirani.

"Mwanangu," akasema, "ulisharikodi juu yake mara moja. Inatosha."

Nikaifunga laptopu. Akaniambia nimwite binti yangu aje amvishe hedifoni, asikilize zile sekunde kumi na moja, kwa sababu mimi, alisema, nikimvisha nazikaza mno.